Baba aliinuka filamu haijaisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26. Naishi na baba yangu na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 16. Mama alitutoka miaka miwili iliyopita baada ya kuugua siku chache tu. Tangu hapo, kila Ijumaa usiku tunakaa sebuleni sote watatu tunatazama filamu. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilianza yenyewe, nadhani kwa sababu Ijumaa ndiyo siku nyumba yetu ilikuwa ikizidi kuwa kimya.

Anayechagua ni mimi, maana ndiye ninayependa filamu kuliko wote. Na ninazipenda kweli, Shangazi. Nafuatilia nani kashinda Cannes, nani kachukua Oscar, na nina daftari nililoandika majina ya filamu ambazo wajuzi wanazitaja kuwa bora za nyakati zote. Nikajiambia, badala ya kutazama chochote kinachopita, mbona tusitazame zilizosifiwa?

Mambo hayakwenda hivyo. Mdogo wangu nilimwekea Jeanne Dielman, ile ya mwaka 1975 ambayo wahakiki waliipigia kura kuwa ya kwanza duniani mwaka 2022. Siku hiyo tulikuwa wawili. Kamera imetulia, mwanamke anafanya kazi zake za jikoni, nasi tunamwangalia. Mdogo wangu akaniuliza kama video imeganda. Nikamwambia anyamaze atazame. Akachukua simu yake akaenda kulala.

Rafiki yangu wa kazini naye aliniomba tamthilia ya kutazama akitoka zamu ya usiku. Yeye ni mtu wa tamthilia za Kikorea. Nikamwambia aachane na hizo, atazame The Wire. Nikamwonya kuwa mwanzo ni mgumu, avumilie mpaka sehemu ya nne ndipo atanogewa. Hakufika. Kila nikimuuliza ananijibu "bado," na siku hizi naona kama ananikwepa.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni baba. Baba ni mwalimu mstaafu. Anasoma riwaya, Kiingereza anakijua vizuri, ila macho yamepungua nguvu. Anapenda mjadala, ukimpa hoja mbili zinazopingana anaweza kukesha. Nikamtafutia Tokyo Story ya mwaka 1953. Nilikuwa nimesoma kwamba inahusu wazazi wazee wanaokwenda mjini kuwatembelea watoto wao, nikaona hiyo ndiyo ya rika lake. Mwanzo aliitazama vizuri, hata alicheka kidogo wajukuu walipokuwa watundu. Wale wazee walipoketi kando ya bahari akanyamaza. Nikadhani imemkolea. Filamu ikaendelea mpaka pale bibi amelala hajitambui, mumewe ameketi kando yake, anamwambia watoto wako njiani na kwamba atapona. Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaikunja bila kuivaa tena. Akasema, "Mimi nimechoka," akainuka. Nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa taratibu.

Ijumaa iliyofuata alisema ana kazi ya kufanya. Na iliyofuata pia. Mdogo wangu kaniambia wazi kuwa nisiguse tena rimoti. Sasa najiuliza: tatizo ni filamu, ni wao, au ni mimi? Nimwombe baba radhi, au nikae kimya nisije nikamtonesha? Na kama bado nafaa kuchagua, niwachagulie nini?

Mpenda Filamu

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa kuondokewa na mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale uliposema baba alinyamaza tangu wale wazee walipoketi kando ya bahari. Nianzie hapo, kwa sababu mengine yote uliyoniuliza ni mepesi kuliko hilo.

Kipande hicho nakijua. Watoto wamewapeleka wazazi wao kwenye mji wa chemchemi za maji moto, kwa jina la kuwapumzisha, lakini hasa ni kwa kuwa nyumbani hawana nafasi nao wala muda. Usiku wageni wamepiga kelele, wazee hawakulala. Asubuhi wameketi juu ya ukuta wa bahari, wawili tu, wanakubaliana kuwa ni wakati wa kurudi kwao. Mzee anainuka. Bibi naye anainuka, mara anayumba na kuweka mkono chini. Mumewe anamuuliza ana nini. Kizunguzungu kidogo tu, anamjibu, hakulala vizuri. Kisha wanaendelea kutembea.

Ni jambo la sekunde chache, na mwongozaji wake, Yasujiro Ozu, hatupigii kelele kwamba tazameni hapa. Kijana hupita pale akaona bahari. Mtu aliyemuuguza mkewe hapiti. Naamini baba yako alijua tangu dakika ile filamu inaelekea wapi, na bado akaendelea kuketi kando yako muda mrefu, huku wewe ukidhani imemkolea. Na ilikuwa imemkolea kweli. Aliinuka pale tu mume alipoanza kumwambia mkewe asiyemsikia kwamba atapona. Mwanangu, maneno hayo huenda baba yako aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe, na si zamani.

Kwa hiyo usiiweke filamu ile kwenye fungu moja na ile iliyomlaza mdogo wako. Haikumchosha baba. Ilimfikia, ila ilimfikia mahali ambapo hukuwa umemwomba ruhusa ya kuingia.

Kosa lako lipo hapo, na ni dogo, na linarekebishika. Ulijua filamu imesifiwa na nani, hukujua ndani yake kuna nini. Ulisoma sentensi moja, wazazi wazee wanawatembelea watoto, ukatosheka. Sentensi hiyo ni kweli tupu, lakini inaishia kabla ya msiba. Ungeitazama peke yako kwanza, hata kwa kuirukaruka, usingemwekea mjane wa miaka miwili.

Na hapa niseme jambo kuhusu lile daftari lako, maana sitaki ulitupe. Orodha hizo ni za kweli na zimenipa mengi. Mwaka 2012 jarida la Sight and Sound lilipowauliza waongozaji wa filamu, Tokyo Story ndiyo waliyoiweka juu ya zote. Wahakiki wa jarida hilohilo waliitaja Citizen Kane kuwa ya kwanza katika kila kura tangu 1962 hadi 2002, kisha Vertigo mwaka 2012, kisha hiyo Jeanne Dielman yako mwaka 2022. Unaona ilivyo? Filamu hazikubadilika hata picha moja. Waliobadilika ni wapiga kura na yale waliyoyataka kutoka kwa filamu.

Tena wapiga kura hao ni watu waliokwisha kutazama maelfu ya filamu. Mtu aliyeona mapigano elfu moja, akiletewa mwanamke anayepika kimya kwa dakika nzima, kwake ni kama kufunguliwa dirisha. Anaona jinsi kamera inavyokataa kumkatiza, anaona kazi ambayo sinema nyingine zote huiruka. Mdogo wako hajafika huko na hana sababu ya kuwa amefika. Ana miaka 16, na ulimpa filamu ya dakika 201 kama mlango wa kuingilia. Alipokuuliza kama video imeganda, kwa kweli alikuwa ameona jambo sahihi kabisa: kwamba kamera haisogei. Ungemjibu, "Haijaganda, mwongozaji amefanya makusudi, unadhani kwa nini?" pengine mngezungumza. Ulimwambia anyamaze.

Tuzo nazo zipime hivyohivyo. The Wire uliyompa rafiki yako ina misimu 5 na sehemu 60, na wengi tunaiona kuwa kazi kubwa kupita kiasi. Haikuwahi kupata hata Emmy moja, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani. Parasite ya Bong Joon-ho ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora. Ni nzuri, naipenda sana. Lakini ina kipande kimoja cha mke na mume kwenye sofa ambacho, nakuhakikishia, hutataka kukitazama ukiwa umeketi kati ya baba na mdogo wako. Hakuna tuzo inayokwambia hilo. Lazima mtu mmoja awe ametazama kabla, na katika nyumba yenu mtu huyo ni wewe.

Sasa baba. Mwombe radhi, ndiyo, lakini usimkalishe kitako. Msubiri wakati mna kazi ya mikono, mnapanga vitabu au mnakunja nguo, umwambie: "Baba, ile filamu sikujua inamhusu mama. Nisamehe." Uishie hapo. Usimuulize anajisikiaje, usimweleze uzuri wa filamu, usimwambie kwamba kulia kunasaidia. Akijibu, sikiliza. Asipojibu, ujue amesikia. Kinachomuuma baba sasa hivi huenda si ile filamu peke yake. Huenda ni kwamba alionekana. Amevua miwani mbele ya binti yake. Ukimwambia hukujua, unamrudishia stara yake.

Siku nyingine muulize hili: yeye na mama walikuwa wakitazama nini pamoja kabla hujazaliwa, au ulipokuwa mdogo. Usishangae akikutajia kitu ambacho hakimo katika daftari lako wala katika orodha ya mtu yeyote. Kitafute. Kiweke Ijumaa. Kikiwa kibaya, uigizaji mbovu na sauti inakwaruza, usiseme neno.

Baada ya hapo ndipo nikupe ninazozijua mimi.

Kwa mwalimu mstaafu anayependa hoja, ningeanza na 12 Angry Men ya mwaka 1957. Ni dakika 96. Karibu yote iko ndani ya chumba kimoja: jopo la raia 12 wanapaswa kuamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Wanapiga kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema hana uhakika. Basi, filamu ni hiyo, ni watu kubishana. Lakini ngoja uione inavyobana. Mwongozaji, Sidney Lumet, alianza kwa kuweka kamera juu kidogo ya macho ya waigizaji, katikati akaishusha usawa wa macho, mwishoni akaiweka chini yao hadi dari likaanza kuonekana, na wakati wote huo akawa anabadilisha lenzi ili kuta zionekane zinawasogelea. Mtazamaji hajui kilichofanyika. Anajua tu kwamba chumba kimekuwa kidogo na jasho limezidi. Baba ataanza kuwajibu walio kwenye skrini kabla hata kura ya pili haijapigwa, na hapo ndipo utakapojua amerudi. Kuna kitu yule mmoja anakitoa mfukoni mapema kidogo. Usimwambie ni nini. Na sababu nyingine ya kuichagua: haina maandishi ya tafsiri ya kusoma, basi macho yake yatapumzika.

Hilo la macho ulilitaja kwa neno moja tu, nami naliona kubwa. Bong Joon-ho alipopokea tuzo ya Golden Globe mwaka 2020 alisema kuwa ukivuka kile kizuizi cha inchi moja cha maandishi ya tafsiri, utakutana na filamu nyingi za ajabu. Ni kweli. Ila kwa mtu ambaye macho yanamsumbua kizuizi hicho kinazidi inchi moja. Kabla ya kumwekea filamu ya Kijapani au ya Kiitaliano, fungua mipangilio ukuze maandishi hayo, uyawekee kivuli cheusi nyuma, usogeze kiti chake mbele. Nimewahi kukaa na mtu mzima aliyesema filamu fulani haina maana, kumbe alikuwa anawahi nusu ya kila sentensi.

Kwa kuwa ni msomaji wa riwaya, mwekee pia Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, ukoloni wa Mwingereza ukielekea mwisho, na mapenzi ya Denge na Yasmin katikati ya harakati. Uzuri wake kwenu ni wa aina yake: kitabu baba atakuwa anakijua kuliko wewe. Atakwambia wameacha nini, wameongeza nini, na kwa nini yeye asingefanya hivyo. Mtu ambaye kila Ijumaa anapangiwa cha kutazama na binti yake, kuna raha kubwa kupewa filamu ambayo mjuzi ni yeye. Lakini itazame peke yako kwanza, ni filamu ya mapenzi, utajua mwenyewe kama sebule yenu inaiweza mkiwa watatu.

Kuna moja nataka usimwekee sasa: Supa Modo, ya mwaka 2018, ya Likarion Wainaina. Naitaja kwa makusudi kwa sababu najua utaikuta. Ina Kiswahili ndani yake, ni fupi, dakika 74, na ukisoma maelezo yake utaona "mtoto anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu," useme hii ndiyo ya familia. Mtoto huyo anaumwa ugonjwa usiopona, na kijiji kizima kinajikusanya kumtimizia ndoto yake. Ni kazi ya upendo mtupu na niliitazama nikalia. Itazame wewe, peke yako, siku utakayokuwa tayari, kwa maana nawe umefiwa na mama na barua yako nzima umewazungumzia wengine tu. Lakini kwa Ijumaa ya nyumba yenu, bado.

Tuje kwa mdogo wako. Mwombe naye radhi, kwa ufupi, kisha umpe rimoti kweli, si kwa maneno. Ijumaa moja achague yeye, moja baba, moja wewe. Atakapochagua yeye, kaa utazame mpaka mwisho bila simu na bila kuguna. Hiyo ndiyo heshima uliyokuwa unaidai kwake. Zamu yako ikifika, usimwondoe kwenye magari na mapigano, mwoneshe magari na mapigano yaliyotengenezwa na fundi. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ilichukua Oscar 6, na karibu yote ni msafara wa magari unaokimbizwa jangwani kwenda, kisha kurudi. George Miller alitumia magari halisi na watu halisi wanaoning'inia juu ya milingoti. Kitu cha kumwonesha ni hiki: hata mbio ziwe kali namna gani, jicho lako halipotei, kwa sababu kinachokuhusu kimewekwa karibu na katikati ya skrini kila picha inapobadilika. Mwambie hilo moja tu, kabla hamjaanza, kisha nyamaza. Ina ukatili, basi itazameni ninyi wawili.

Nina hamu pia mje mtazame Adolescence ninyi watatu, lakini si mwezi huu. Ni tamthilia ya Uingereza ya mwaka 2025, sehemu 4 tu, na kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa. Polisi wanavunja mlango wa nyumba alfajiri na kumchukua mtoto wa miaka 13, na tangu hapo kamera haikuachii uvute pumzi. Sehemu ya mwisho iko kwa wazazi na dada. Stephen Graham anacheza kama baba, na kuna muda anajitahidi asianguke mbele ya familia yake ambao nimeshindwa kuusahau. Kijana aliyecheza kama mtoto, Owen Cooper, alipata Emmy akiwa na miaka 15. Mdogo wako ataelewa mambo ya simu yaliyomo humo ambayo baba na wewe hamtayaelewa, na itabidi mmuulize. Nadhani hilo ndilo litakalomfanya aweke yake chini. Ila baba kwanza apate Ijumaa kadhaa za kucheka na kubishana.

Rafiki yako wa kazini ni wa haraka. Ulimkosea ulipomwambia aachane na tamthilia za Kikorea. Alikuomba umwongezee kwenye anachokipenda, wewe ukamwambia anachokipenda hakifai, ukampa sehemu 60 na masharti ya kuvumilia. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hana cha kuvumilia nacho. Rudi kwake umwambie asahau ile, hana deni. Umuulize ni ipi ya Kikorea aliyoipenda kuliko zote na ilimshika wapi. Baada ya kumsikiliza, umtajie My Mister ya mwaka 2018. Sehemu 16, ina mwisho wake, na mwaka 2019 ilipata tuzo ya tamthilia bora kwenye tuzo za Baeksang, ambazo Wakorea wanaziheshimu sana. Inamhusu msichana aliyelemewa na madeni, anamtunza bibi yake asiyesikia wala kusema, na mhandisi wa makamo ofisini kwake ambaye naye maisha yamemchosha. Hawapendani kimapenzi. Wanaonana tu, kila mmoja anaona jinsi mwenzake alivyochoka. Mwambie mapema kwamba mwanzo wake ni wa giza na mzito, na kwamba akiiacha hutamuuliza. Kisha kweli usimuulize. Na wewe itazame. Nina hakika utaongeza jina kwenye daftari.

Umeniuliza kama bado unafaa kuchagua. Unafaa, tena nyumba hiyo inakuhitaji, lakini chagua kama mtu anayewajua wanaoketi naye. Taja filamu moja, usitaje kumi. Mtu akipewa kumi huona amepewa kazi. Mwambie ni ya muda gani, ni ya lugha gani, na kama kuna kifo, damu au mapenzi ndani, umwambie bila kumsimulia yanatokeaje. Usimwambie ni bora duniani. Usimwambie atalia. Na ikishaanza, tazama skrini, usimtazame yeye. Hakuna kinachoharibu filamu nzuri kama kuhisi jicho la aliyeileta likisubiri ucheke.

Iko moja niliyoihifadhi kwa ajili ya siku mtakayokuwa mmezoeana tena. Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, mwaka 1948, chini kidogo ya saa moja na nusu. Baba amepata kazi inayohitaji baiskeli, baiskeli inaibwa siku ya kwanza, na yeye na mwanawe mdogo wanazunguka jiji la Roma kuitafuta. Aliyecheza kama baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na unaliona hilo katika namna anavyotembea, kama mtu ambaye miguu yake imezoea kwenda kazini. Niliitazama mara ya kwanza na kaka yangu mkubwa. Yeye alikuwa anaitazama baiskeli, mimi namtazama mtoto. Siku hizi nawaambia watu watazame mikono ya wale wawili, tangu mwanzo hadi picha ya mwisho. Mwekee baba na mdogo wako pamoja, wewe keti nyuma kidogo.

Lililobaki ni ile filamu iliyokatishwa. Usiirudishe mwenyewe. Lakini inawezekana siku moja, katikati ya jambo jingine kabisa, baba akuulize: "Wale wazee, mwisho wao ulikuwaje?" Usikimbilie kuwasha. Mwambie kwamba bibi anafariki. Mwambie kwamba baada ya hapo mzee haonekani ndani, na mkwe wao, Noriko, yule mjane kijana aliyewatendea wema kuliko watoto wao wa kuwazaa, anatoka kumtafuta. Anamkuta amesimama nje peke yake anatazama mbali. Mzee anamwambia kulipambazuka vizuri sana leo, na kwamba jua litakuwa kali tena. Hasemi zaidi. Wanarudi ndani pamoja.

Akitaka kuiona, ianzie hapo hapo alipoinukia, usimrudishe mwanzo, ukae karibu naye. Asipotaka, muulize Ijumaa hii zamu ni ya nani.

Niandikie unijulishe alikutajia ipi waliyokuwa wakiitazama na mama yako.

Shangazi